Askofu Aliyetoweka Ukutani

Jumapili moja ya Oktoba 2015, saa moja na nusu asubuhi, Spés, mhudumu wa parokia, alifungua kanisa lao la wakimbizi wa Burundi, mtaa wa West Side, mjini Buffalo, Marekani, akakuta askofu mmoja hana uso.

Picha ya Mtaguso wa Nisea, mkutano wa kale wa maaskofu, ilijaa ukuta mzima: mfalme katikati, maaskofu wamemzunguka, wamechorwa juu ya chokaa mbichi kama walivyofanya Waitalia wa karne ya kumi na sita. Polycarpe, mchoraji aliyejifunza kazi hiyo kwa padri Mwitaliano, aliwapa maaskofu sura za wazee marehemu wa Mtabila, kambi yao ya ukimbizi kule Tanzania. Kila Misa watu walihisi wamerudi nyumbani kidogo. Askofu mmoja tu, wa pembeni, hakufanana na mzee yeyote waliyemjua. Huyo ndiye aliyekuwa shimo.

Mzee Pantaleo, mwenyekiti wa parokia, hakuchelewa kupata mkosaji. "Ni Medard! Si ndiye anayesema tunaabudu picha? Na patasi anazo. Baada ya Misa naita polisi."

Medard, fundi ujenzi, alikuwa na mahojiano ya uraia Alhamisi. Kesi ingemharibia kila kitu.

"Domo ninalo, mzee, nakubali," alisema Medard. "Lakini sikugusa."

Spés alikagua. Kufuli zima. Sakafu imefagiwa, hata chembe ya chokaa hakuna. Mtu mwenye hasira akabomoa, kisha akafagia? Ukingo wa shimo nao ulipinda taratibu, ukifuata bega na kofia. Akamwita Polycarpe.

"Hapa ndipo kazi ya siku moja iliishia," Polycarpe alisema. "Chokaa hukauka upesi, kwa hiyo napaka kipande cha siku ile tu, kesho yake naunganisha kingine. Patasi ikipita kwenye kiungo, kipande kinaachia. Lakini viungo nilivificha kwa rangi. Kiungo hiki angekijua tu aliyekuwapo siku ile."

"Mwaka ulipochora, Medard alikuwa bado anaishi Columbus," alisema Spés. "Nani alikuletea maji?"

Polycarpe alisita. "Mama Florida."

Na jana ilikuwa zamu ya Mama Florida kufagia kanisa.

Saa nane mchana Spés, Polycarpe na Pantaleo walifika kwake, mtaa wa Kensington-Bailey. Masanduku yalikuwa mlangoni. Kesho angehamia kwa bintiye, Louisville.

"Mama," Spés alisema, "Medard anapelekwa polisi."

"Medard? Hapana, mwanangu. Ni mimi." Alifungua kitenge. Ndani mlikuwa na vipande vya chokaa, vingine vimekuwa unga. "Aloisi wangu aliuawa kabla hatujavuka mpaka. Picha zake ziliungua na nyumba. Nilimweleza Polycarpe kutwa nzima, huku nikichota maji, jioni mume wangu akatokea ukutani. Ningemwachaje huku? Nilidhani atatoka mzima. Akavunjika mikononi mwangu."

Spés alilia bila kujificha. Pantaleo alivua kofia. "Medard nitamwomba radhi mwenyewe, mbele ya watu."

Polycarpe alichuchumaa mbele ya mjane. "Ahirisha safari, mama. Nitapaka chokaa kwenye ubao, utambeba. Nieleze tena."

Florida alifumba macho. "Paji pana. Macho madogo, ya kucheka." Akapapasa vipande kwenye kitenge. "Pua... Polycarpe, ile pua nilikueleza mimi, au uliibuni wewe?"

Polycarpe alikuwa ameibuni.

"Ulinieleza wewe, mama," alisema. "Bado naikumbuka."