Ndoo Nne za Jioni

Kila jioni akirudi kutoka shuleni, Limi alikuwa akivua sare na kuitundika msumarini, akichukua vipande viwili vitatu vya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo bibi yake alimwekea, kisha akibeba ndoo na kushuka lamboni huku anatafuna. Nyumba yao ilikuwa pembeni ya Tinde, na malori yalisikika mpaka uani yakipunguza mwendo barabarani.

Kando ya lambo kulikuwa na ardhi ya kikundi cha akina mama. Kila familia ilipewa kipande chake na miche ya miembe ya kubebeshwa, ile iliyoungwa tawi la mwembe mwingine ili izae mapema. Sharti lilikuwa moja. Mwezi wa tisa mwenyekiti wa kikundi, Bi Mwahija, muuza vitenge pale sokoni, angepita kukagua. Kipande ambacho miche yake imekufa kingepewa mtu mwingine.

Mama yake Limi, Paskalina, alikitegemea kipande kile kuliko kitu chochote. Kila mwaka alikwenda Rwamgasa kuponda mawe ya dhahabu, na kila mwaka alirudi na kikohozi kibaya kuliko cha mwaka uliopita. "Miembe hii ikianza kuzaa," alimwambia Limi, "siendi tena."

Walipanda wakati wa mvua. Mama alipima kwa miguu, hatua kumi kutoka shimo hadi shimo, wakapanda miche minane. Ilibaki mingine minane.

"Hii ni ya akiba. Mrudishie Bi Mwahija kesho," Mama alisema. "Mwembe ukikua unataka nafasi, juu na chini ya ardhi." Asubuhi yake akapanda basi kwenda Rwamgasa, kwa kuwa mwaka ule kazi ilianza mapema.

Limi aliitazama ile miche iliyobaki, imeegemezwa ukutani kama watoto walionyimwa nafasi ya kukaa. Aliihurumia. Halafu Charles, jirani yao na mwenzake darasani, akapita shambani akacheka.

"Shamba lenu lina kipara," alisema. "Mti huku, mti kule, katikati uwanja wa mpira."

Siku ile Limi hakwenda kwa Bi Mwahija. Alichimba mashimo mengine katikati ya yale ya Mama, akaipanda miche yote.

Mvua zilipokuwepo, yote ilistawi, naye akajiona amefanya jambo jema. Kiangazi kilipoingia, maji ya lambo yakarudi nyuma, yakaacha matope yenye nyufa. Kwa kuwa ng'ombe nao walikunywa pale, mlinzi wa lambo aliruhusu ndoo nne tu kwa kila kipande kila jioni. Kwa miche minane, kila mmoja ungepata nusu ndoo. Limi alikuwa na kumi na sita.

Nyumbani kwao, ugali ulipokuwa mdogo, ulimegwa mpaka kila mtu akapata. Hata mgeni aliyechelewa alimegewa. Basi Limi akafanya vivyo hivyo. Alichota kwa jagi, huu kidogo, na huu kidogo. Udongo ulilowa juu tu, ukakauka kabla hajafika nyumbani.

Mwezi wa sita majani yakaanza kujikunja. Mama alipiga simu kwa mama yake Charles, na Limi akaitwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Miche vipi?"

Limi aliyatazama magoti yake. "Ipo, Mama."

"Yote minane?"

"Ipo."

Mama alicheka kwa furaha, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Limi alirudisha simu na hakula usiku ule. Angeweza kuchagua minane akaiacha mingine, lakini kila alipofika kwenye mche alioupanda mwenyewe, mkono ulikataa kuupita. Kila wiki mmoja ukakauka, halafu miwili, halafu ikawa hakuna haja ya kuhesabu.

Mama alirudi mwishoni mwa mwezi wa nane, amekonda. Hakuvua hata viatu, alikwenda moja kwa moja shambani. Alisimama pembeni, akaangalia vijiti vikavu vilivyobanana.

"Hii ya katikati imetoka wapi?"

Limi akamweleza yote, mpaka lile neno la kwenye simu. Mama hakumpiga. Alikaa chini kwenye vumbi, na hilo lilikuwa baya kuliko fimbo.

Baada ya muda mrefu aliinuka, akaanza kukwangua magome kwa ukucha. Penye rangi ya kahawia, alipita. Mitano tu ilikuwa bado na ubichi ndani. Miwili kati yake ilikuwa ile ya Limi, imesongana na mingine.

"Hii miwili ing'oe," Mama alisema.

"Lakini iko hai, Mama."

"Ndiyo. Ing'oe."

Limi aliing'oa. Mizizi ilikuwa mifupi, yote imepanda juu kutafuta yale maji ya jagi. Alilia, na Mama akamwacha alie.

Siku ya ukaguzi, Charles alimnong'oneza, "Semeni ni mbuzi. Mbuzi hawaulizwi."

Bi Mwahija alifika na mwavuli wake, akatazama miti mitatu katika kipande kizima. "Paskalina, kumetokea nini hapa?"

Mama alifungua mdomo, akasita. Limi alijua kwamba neno moja tu la mbuzi lingetosha.

"Shikamoo, Bi Mwahija. Ni mimi," alisema. "Nilipanda na ile ya akiba. Maji hayakutosha."

Bi Mwahija alifunga mwavuli wake. "Marahaba. Sharti siwezi kulivunja, mwanangu, wenzenu wanasubiri," alisema. "Lakini umesema kweli. Kona ile yenye miti mitatu ibaki yenu. Panapobaki nitampa mwingine."

Miti mitatu, hata ikizaa, isingetosha kumzuia Mama nyumbani. Mvua zilipoanza, alifunga tena mfuko wake wa Rwamgasa. Kabla ya kuondoka walishuka pamoja shambani. Kwenye ncha za ile miche mitatu yalikuwa yamechomoza majani machanga, mekundu na laini.

"Ulidhani ni kama ugali," Mama alisema. "Mtu aliyemegewa kidogo kesho atakwenda kutafuta pengine. Mti hauendi popote. Ukiupanda, umeuahidi maji. Usiahidi mingi kuliko ndoo zako."

Limi akaitikia kwa kichwa.

"Na lingine. Mwezi wa sita ungeniambia, tungeng'oa mapema, na minane ingepona. Kosa likisemwa mapema, huwa bado kuna kitu cha kuokoa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama. Na wewe je, utarudi?"

Mama alikohoa, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Itunze hii mitatu," alisema.

Kiangazi kilichofuata Limi alishuka lamboni kila jioni. Kutoka mti wa kwanza hadi wa pili alitembea hatua kumi juu ya ardhi tupu, bila kusimama, na maji yote yalikuwa bado ndooni.