Nyuzi Mbili Zilizozidi

Kila jioni mjukuu wangu Nabilah hufika nyumbani Kansanga na matope kwenye viatu, daftari kwapani. Hutoka Ggaba, ziwani. Yeye na Huguette, mwenzake wa darasa la sita, huchota maji kila mmoja upande wake wa gati, kisha hutia vipimajoto walivyopewa na shule ndani ya ndoo na kuandika. Mwalimu wao, Bi Ayot, hulinganisha namba zao na za setilaiti, vyombo vinavyozunguka juu angani vikipima joto la uso wa bahari na maziwa. Zimepima kwa zaidi ya miaka arobaini, ili watu wajue kama maji yanazidi kupata joto mwaka hadi mwaka.

Kisha siku moja nikakosa kipimajoto changu cha banda la vifaranga. Nilitafuta chini ya gunia la pumba, nikatafuta nyuma ya mtungi. Hakuna.

"Nabilah, hujakiona?"

"Labda panya, Jajja," akanijibu mimi bibi yake.

"Panya ana homa?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi moja alirudi, hata chapati hakugusa. Nikamkalisha kwenye mkeka, nikaanza kumsuka. Mimi nikisuka sina haraka, na anayesukwa hana pa kukimbilia.

"Jumamosi tunawasomea wazazi namba zetu," akasema. "Zangu zimepanda nyuzi mbili. Za Huguette zimebaki zile zile. Wenzetu wanamcheka, eti Mkongo mvivu, anaandika akiwa kitandani. Leo amelia. Anasema Jumamosi haji."

"Na kweli anaandika akiwa kitandani?"

"Hapana, Jajja. Namwona akichota."

Nikaendelea kusuka. Tulipofika mstari wa tatu, machozi yakamtoka. Kumbe kipimajoto cha shule kilimponyoka gatini kikavunjika. Aliogopa, akachukua changu, akaendelea kuandika kama vile hakuna kilichotokea.

"Basi panya nimempata," nikasema, nikamfuta uso kwa ncha ya leso. "Kesho tunakwenda kwa Mwalimu. Mimi nitasimama mlangoni. Kusema utasema wewe."

Alisema. Kwa sauti ndogo, lakini alisema yote, Huguette akiwa hapo hapo.

"Eh! Siku kumi na moja wananicheka, na wewe unanyamaza!" Huguette akafoka.

"Nisamehe."

Huguette akamnyoshea kidole. "Utanibebea ndoo mpaka Krismasi."

Mwalimu akajaza ndoo moja, akatia kipimajoto cha Huguette na changu pamoja. Tukasubiri. Cha Huguette kikasoma nyuzi ishirini na sita. Changu, ishirini na nane.

"Mnakumbuka siku ya kwanza?" Mwalimu akauliza. "Vile viwili vya shule tulivitia ndoo moja, vikasoma sawa. Kwa hiyo ziwa halikupata joto ghafla. Kilichobadilika ni kipimajoto. Nabilah, toa nyuzi mbili katika kila namba ya siku zile kumi na moja."

"Kumbe hazijaharibika zote?"

"Zingeharibika kama ungeendelea kunyamaza. Hata setilaiti huchakaa, mwanangu. Kabla ya moja kufa hurushwa nyingine, na kwa muda zote mbili hupima maji yale yale, ili tofauti yao ijulikane. Wanaozirusha huandika wazi ni lini wamebadilisha. Wangekuwa wanaficha, nani angeziamini namba zao za miaka arobaini?"

Jumamosi nilikaa kwenye benchi la mbele, kati ya mama yake Huguette na mzee mmoja aliyekuwa akisinzia. Nabilah alisimama, akafungua daftari.

"Tarehe tisa nilivunja kipimajoto, nikaficha," akasoma. "Kuanzia hapo nilitumia kingine kinachozidisha. Namba za Huguette zilikuwa sahihi siku zote."

Akalifunga daftari. Mwalimu akaanza kupiga makofi, wazazi wakafuata, na Huguette akainuka kusoma zake, kidevu juu.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, Nabilah aliuliza, "Jajja, umenikasirikia?"

"Kwa kioo kilichovunjika? Hapana. Mikono yote huponyokwa, hata hii yangu. Ila kitu kikivunjika, sema siku ile ile. Kila siku unayonyamaza, kuna mwenzako anayeumia kwa sababu yako."

Alinishika mkono, akaukaza, tukapanda mlima polepole.