Aliyeapa kwa Niaba ya Baraza

Barua ilikuwa na tope. Hilo ndilo lililomuudhi kwanza Manasseh Nyangate asubuhi ile ya Jumatatu, Aprili 1974, kwa sababu karani wa barua aliyekaa kazini miaka kumi na miwili hawezi kuvumilia tope kwenye trei yake. Bahasha haikuwa na stempu. Karatasi iliyokuwa ndani ilikuwa na kichwa cha Baraza la Getengeri, lile baraza dogo la ng'ambo ya mto.

Sasa, Baraza la Getengeri halikuwapo tena. Serikali ililivunja mwezi wa pili, ofisi yake ikafungwa, na hata taipu yake ikaletwa hapa Baraza la Nyansabera na kuwekwa mbele ya Manasseh. Barua ilikuwa na tarehe ya siku ile ile. Sahihi ilikuwa ya Jethro Okemwa, Karani, ambaye alikuwa amezikwa mwaka uliopita.

"Tunarejelea barua yetu ya tarehe 9 Mei 1963 kuhusu kiwanja cha josho," ilisema, "ambayo kwa kiapo mlisema haikuwafikia. Tafadhali thibitisheni kwamba hii imewafikia."

Mazoea ni kitu kibaya. Kabla akili haijasema neno, mkono wa Manasseh ulikuwa umeshachukua mhuri na kuugonga: IMEPOKELEWA. Hapo ndipo aliposikia ladha ya udongo ulimini, udongo mbichi, kana kwamba ameulamba sasa hivi.

"Nani ameleta hii?" alimuuliza tarishi, mzee Onyancha.

"Mimi nilikuta tu hapo, bwana karani. Nilifungua mlango, nikaikuta."

Manasseh aliikunja barua akaitia mfukoni. Hakumwambia mtu. Lakini alijua kiapo kinachosemwa, maana aliyeapa ni yeye.

Mabaraza hayo mawili yalikuwa yameandikiana barua kwa miaka tisa. Kila barua ilianza kwa heshima na kumalizika kwa heshima, na katikati yake watu walitukanana kwa adabu. Mwaka 1963 Getengeri iliiazima Nyansabera kiwanja cha josho la ng'ombe, na ikaandika barua kusema kwamba ni azima tu, kiwanja kitarudi. Okemwa aliileta mwenyewe kwa miguu, akamkabidhi Manasseh mkononi. Baadaye ikasikika kwamba hapo joshoni patajengwa kituo cha kupokelea majani chai, na Nyansabera ikasahau ghafla kwamba iliwahi kuazima kitu.

Nyansabera ilikuwa na wakili. Getengeri haikuwa na wakili, na kesi isiyo na wakili ni kuku asiye na mdomo. Kwa hiyo mwaka 1972 Getengeri iliandika kuomba neno moja: tumalizane kwa emuma.

Kila Mgusii anajua emuma. Unalamba udongo wa mahali panapogombaniwa, unaapa. Ukiwa umesema uongo, kiapo hakikuui wewe. Kinaanza na nyumba yako, mmoja mmoja, na wewe unaachwa hadi mwisho ili uone. Madiwani wa Nyansabera walikuwa mashemasi na makatekista, watu wa kuhubiri dhidi ya mambo ya kale kila wiki, lakini ombi lile liliposomwa wote waliugua mafua.

Wakili wa baraza alicheka. "Mbele ya sheria baraza ni mtu," alisema, "lakini ni mtu asiye na damu wala mtoto. Mtumeni mmoja alambe kwa niaba. Kiapo kitaangukia nini? Kitaangukia makabati?"

Wote wakamtazama Manasseh. Yeye alikuwa Msabato wa kweli, asiyeogopa vitu hivyo. Tena yeye ndiye mshika barua, ndiye wa kusema ilifika au haikufika. Katibu alimwandikia hati ya kumruhusu kuapa kwa niaba ya baraza, na jioni hiyo hiyo Manasseh alichomoa barua ya 1963 kwenye faili akaichoma jikoni, chini ya birika la chai. Kesho yake alilamba udongo mbele ya watu wa pande mbili akasema haikufika. Okemwa alimtazama tu. "Manasseh," alisema kwa sauti ndogo, "si nilikupa mkononi?" Watu wakamzomea Okemwa kuwa mwongo. Hakuishi mwaka mzima baada ya siku hiyo.

Barua ya pili ilifika Jumatano. "Kwa kuwa baraza letu limevunjwa," ilisema, "shauri hili sasa liko mikononi mwa mwakilishi wetu. Atafika mwenyewe." Safari hii Manasseh hakugonga mhuri. Haikusaidia.

Alasiri mvua ilianza kupiga mabati, mvua ile ya Kisii isiyokosa miadi, na mzee Onyancha akachungulia mlangoni. "Bwana karani, mgeni wako anangoja kwa benchi."

Manasseh alitoka. Benchi la wageni lilikuwa tupu. Lakini mbao zilikuwa zimelowa kwa ukubwa wa mtu aliyekaa, na maji yaliyokuwa yakidondoka chini yalikuwa mekundu kwa udongo. Ukumbi ulinuka shimo lililochimbwa asubuhi kwa ajili ya mazishi.

"Yuko wapi?"

Onyancha alimkazia macho, kisha akatazama benchi, kisha akashusha sauti. "Si huyo hapo? Bwana karani, usinifanyie mchezo."

Alhamisi alikuja tena, na Manasseh, akiwa amefunga mlango na kuziba tundu la ufunguo kwa karatasi, alikaa akisikiliza maji yakidondoka kutoka benchini, tone baada ya tone, hata mvua ilipokatika yakaendelea kudondoka, hata jua lilipotoka yakaendelea, na harufu ile ikapita chini ya mlango ikapanda mezani na kukaa ndani ya mashine ya taipu, hadi kila herufi aliyoipiga ilimrudishia pumzi ya kaburi usoni. Aliogopa. Aliogopa kama mtoto, na aliona aibu kwa kuogopa.

Ijumaa aliwahi nyumbani kabla Sabato haijaingia. Mkewe Bathsheba alikuwa uani akichambua mboga, mtoto mdogo Machogu mgongoni.

"Baba Gesare, kulikuja mtu wa ofisi yenu," alisema. "Nilimpa kiti. Aliuliza tuna watoto wangapi."

"Ukamwambia?"

"Wawili. Kwani nimekosea?"

"Anafananaje?"

Bathsheba aliacha mboga. "Sijui. Uso wake sikuuona. Kila nikimtazama, najikuta natazama miguu. Ilikuwa imelowa, na huku kwetu leo mvua haijanyesha." Kisha akanong'ona, "Ni nani yule?"

Jioni hiyo Gesare, binti yao wa miaka sita, alianza kukohoa. Manasseh alimpokea kikohozi kwenye kiganja chake, na kilichotoka kilikuwa udongo.

Kwenye zahanati walimpa dawa ya minyoo. Walisema mtoto anakula udongo, watoto wengi hula, mama amchunge. Lakini Gesare alikuwa hali kitu chochote. Alikonda kwa siku mbili hadi mifupa ya mabega ikaonekana, na kila alipokohoa, kiganja cha Manasseh kilijaa.

Jumatatu alimwendea wakili wa baraza. Wakili hakumwambia akae. "Mteja wangu ni baraza, Bwana Nyangate. Wewe si mteja wangu."

"Lakini ni wewe uliyesema kiapo hakitamwangukia mtu."

"Nilisema hakitaliangukia baraza. Je, limeanguka?"

Alimwendea katibu. Katibu alifungua faili, akapekua polepole, akafunga. Hati ya kumruhusu haikuwamo. Wala mkutano wowote haukuwa umeandikwa kwamba Manasseh alitumwa. "Mimi naona ulikwenda kwa mapenzi yako," katibu alisema bila kumtazama. Manasseh alijua vizuri jinsi karatasi inavyochomolewa kwenye faili. Hakuwa na la kumlaumu mwenzake. Alitoka na hasira na upweke.

Ndipo Msabato wa kweli alipopanda hadi Magwagwa kwa mwanamke aitwaye Nyanchera, omoragori, mpiga ramli wa kike ambaye watu wa makanisa yote humjia wakipitia njia ya nyuma. Nyanchera alikuwa akipukuchua mahindi. Hakuinuka.

"Nani alilamba?" aliuliza.

"Baraza, mama. Mimi nilikuwa mwakilishi tu."

"Baraza lina ulimi?"

Nyanchera alichukua hindi jingine.

"Mwanangu, emuma haijui ofisi. Inajua ulimi uliogusa udongo, na nyumba ambayo ulimi huo unakula. Wale wenzako walikusukuma mbele, na wewe ukadhani kuna mtu nyuma yako. Hakuna mtu." Alitupa gunzi. "Yule aliyekuja kwenu si Okemwa. Okemwa alikufa na uchungu wake, na uchungu ukimkosa mtu wa kuusemea, huwa kuna kitu kinajitolea kuusemea. Hicho kikishaketi nyumbani kwako, hakiondoki bila jibu."

"Jibu gani?"

"Lile ulilolificha. Andika kwamba barua ilifika, na kwamba wewe ndiye uliyeichoma. Weka jina lako na jina la baba yako. Usiweke mtu mbele yako, usisimame nyuma ya mtu. Peleka mbuzi joshoni, uisome watu wa pande zote mbili wakisikia. Fanya hivyo, mtoto atapona. Fanya haraka, kabla hakijamzoea."

Kesho yake Manasseh alikaa mbele ya taipu. Aliandika bila kituo: kwamba barua ya tarehe 9 Mei 1963 ilifika, kwamba ilichomwa, kwamba kiwanja kilikuwa cha azima. Alipofika mahali pa sahihi, vidole vilisimama.

Aliwaza jela, maana kuapa uongo na kuchoma barua ya serikali si mchezo. Aliwaza nyumba wanayoishi, ambayo ni ya baraza. Aliwaza kanisa, na watu waliomzomea Okemwa wakigeuka kumzomea yeye. Akajiambia kwamba ukweli ni ukweli hata ukitiwa sahihi namna gani. Akapiga zile herufi tatu alizokuwa amezipiga maelfu ya mara, k.n.y., yaani kwa niaba ya, na mbele yake akaandika Katibu wa Baraza, akatia sahihi isiyosomeka. Wala hakungoja watu. Alikwenda joshoni na mbuzi watu wakiwa wamekwenda sokoni, akawasomea ng'ombe wawili waliopotea, akaiacha barua chini ya jiwe.

Na ilifanya kazi, au ilionekana hivyo. Benchi lilikauka. Jumatano Gesare alikunywa uji kikombe kizima na kuomba kingine. Alhamisi alimfukuza Machogu uani akicheka, na Manasseh aliingia ndani akalia kwa furaha, peke yake, mdomo kwenye mto.

Sabato walirudi kutoka kanisani mchana. Bathsheba alikuwa akiimba. Manasseh aliingia sebuleni akamkuta Gesare ameketi kwenye kiti alichopewa mgeni, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, miguu haifiki sakafuni. Chini ya miguu yake, maji mekundu yalikuwa yakidondoka.

"Barua ya baraza tumeipata," mtoto alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini utaratibu wa maneno ulikuwa wa mtu mzima wa ofisini. "Baraza limejibu vizuri. Aliyelamba ndiye hajajibu."

Manasseh alirarua karatasi kutoka daftari la mkewe, akapiga magoti, akaandika kwa mkono huku machozi yakilowesha wino, akaandika jina lake, na la baba yake, na la babu yake, akaandika nilipewa mkononi, niliichoma, niliapa uongo, Okemwa hakuwa mwongo, mwongo ni mimi, akaandika hadi nafasi ikaisha akageuza nyuma, naye Bathsheba amesimama mlangoni na wimbo umemkatikia kooni, asijue amshike mume au amshike mtoto. Alipomaliza alimnyooshea Gesare karatasi kwa mikono miwili.

Gesare alikuwa hajaanza shule. Aliipokea, akaisoma yote, mbele na nyuma, macho yakitembea mstari kwa mstari. Kisha akaikunja mara mbili.

"Hii ndiyo tuliyokuwa tunaingoja," alisema.

"Basi mwachie mtoto wangu."

"Nimeshamzoea."

"Nichukue mimi!" Manasseh alimshika miguu, ilikuwa baridi. "Nakuomba. Niwe mimi badala yake."

Mtoto alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomvunja. "Wewe ulishasimama badala ya watu mara moja," alisema. "Hebu tazama."

Kisha akamwita baba yake "Tata," kwa sauti ndogo ya kitoto iliyojaa hofu, akaanguka mbele kifuani pake. Alifariki kabla jua halijazama.

Walimzika Jumatatu, nyuma ya nyumba ya babu yake. Katibu alituma salamu za rambirambi kwa niaba ya baraza.

Baada ya watu kutawanyika na wao kurudi nyumbani kwao, Bathsheba alikuja akakaa karibu na mumewe. Hakuwa akilia tena. "Uliniambia Nyanchera alisema uandike ili apone," alisema. "Uliandika. Nilikuona ukienda na mbuzi. Ile ya kwanza, uliweka jina la nani?"

Manasseh alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kiapo akasema ukweli bila kulazimishwa. Alimwambia jina la nani, na kwa nini.

Bathsheba alisikiliza hadi mwisho. Alimchukua Machogu, akamfunga mgongoni kwa kanga, akashika njia ya kwao Ogembo bila kuaga. Manasseh hakumzuia. Alisimama uani akiwatazama hadi walipopotea kwenye migomba, kisha akageuka na kuchungulia sebuleni. Kiti kilikuwa kimekauka. Sakafu pia ilikuwa kavu kabisa, na hakukuwa na harufu yoyote. Alianza kupiga kelele akimwita mkewe arudi, akikimbia, akianguka na kuinuka, maana njiani, juu ya vumbi ambalo mvua ilikuwa haijaligusa siku tatu, nyuma ya nyayo za Bathsheba, zilikuwapo nyayo nyingine, na zilikuwa zimelowa.