Dagaa wa Kuku

Kila siku alipotoka shule, Joviana alivua sare, akaikunja, kisha akambeba mdogo wake mgongoni ili mama yao apate kushona nguo za wateja. Waliishi Muleba mjini, nyuma ya soko. Baba alikuwa Kimwani kwenye mashamba ya mpunga na alirudi mara moja kwa mwezi. Joviana alikuwa darasa la sita. Mdogo wake, Mujuni, alikuwa na mwaka mmoja na nusu, umri ambao mtoto anatakiwa kumchosha anayembeba. Lakini Mujuni alikuwa mwepesi mno, na wepesi huo ulimnyima mama usingizi.

Asubuhi ya Jumatatu moja mama alimpeleka Mujuni kliniki, pale zahanati. Nesi Vestina alimzungushia utepe wa kupimia mkononi, ukaishia kwenye rangi ya njano.

"Mnampa nini nyumbani?"

"Matoke, waitu," mama alijibu kwa heshima. "Asubuhi na jioni, na anashiba."

"Anashiba, lakini mwili haujengeki. Matoke peke yake hayatoshi. Mtwangie dagaa umchanganyie kwenye uji. Mpe karanga, maharage na mchicha. Vyote vinapatikana dukani, na si ghali. Utepe ukifika kwenye nyekundu, itabidi alazwe hospitali."

Kwa hiyo jioni mama alimpa Joviana pesa. "Nenda dukani kwa Bi Klaudia, uniletee dagaa robo kilo. Usichelewe, mwana wange."

Joviana alifika mlangoni pa duka, akasimama ghafla. Ndani alikuwemo Violeth, mwenzake wa dawati moja, akinunua soseji. Wiki iliyopita Violeth alisema darasani kwamba kwao dagaa ni chakula cha kuku. Darasa zima liliangua kicheko, na Joviana naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wengine. Sasa angeagizaje dagaa mbele yake? Kuchekwa hakujawahi kumuua mtu, lakini ukiwa na miaka kumi na miwili hulijui hilo.

Akavuka barabara. Upande wa pili palikuwa na duka la vyakula vya mifugo, na mlangoni gunia la dagaa lilikuwa wazi. Hapo hakuna ambaye angemcheka.

"Wa kuku?" aliuliza mwenye duka, Bwana Gozbert.

"Ndiyo."

"Mna kuku wangapi?"

"Kumi," Joviana alijibu. Kwao hakukuwa na hata kifaranga.

Gozbert alimpimia, akawafunga kwenye gazeti. "Msije mkawapika hawa. Wameanikwa chini mchangani, na stoo wanakaa chumba kimoja na dawa za mifugo. Ni wa kuku tu."

Joviana aliwachukua, akaondoka. Njia nzima alijiambia kwamba angewaosha mara tatu, na kwamba wakioshwa vizuri hakuna neno. Lakini alipofika nyumbani mama alipokea kifurushi na kumkabidhi ndoo.

"Kimbilia bombani kabla maji hayajakatika."

Joviana alitaka kusema ukweli, lakini akaishika ndoo. Akaenda.

Bombani alikuta ndoo kumi na mbili mbele yake. Maji yalitoka kidogo kidogo. Alifikiria kinu cha mama, akafikiria mkono mwembamba wa Mujuni. Ndoo ya tatu ikajaa, kisha ya nne. Alipoona ya tano inawekwa, aliiacha ndoo yake kwenye foleni, akatimua mbio.

Mama alikuwa ameketi barazani, Mujuni mapajani, bakuli la uji pembeni. Alikuwa amekwisha kuwakaanga dagaa bila mafuta na kuwatwanga.

"Mama, acha!"

"Kuna nini?"

"Nzi. Nzi ameingia kwenye uji."

Mama aliinama, akachungulia, akakoroga. "Sioni nzi." Akachota kijiko kingine, akakiinua. Mujuni akapanua mdomo.

Joviana alikipiga kijiko kwa kiganja. Uji ukarukia ukutani.

"Una wazimu wewe?"

"Si dagaa wa Bi Klaudia! Ni wa kuku, mama. Nimewanunua kwenye duka la mifugo. Wamekaa na dawa!" Akaanza kulia.

Mama hakumpiga, wala hakuuliza kwa nini. Alimfunga Mujuni mgongoni, akachukua dagaa waliobaki kwenye gazeti, akaelekea zahanati akikimbia. Joviana alimfuata nyuma.

"Amekula vijiko vingapi?" Nesi Vestina aliuliza baada ya kuelezwa.

"Viwili," mama akajibu. "Labda vitatu."

Nesi akamgeukia Joviana. "Ni dawa gani zilizokuwa karibu nao?"

"Sijui."

"Kimbia ukamuulize mwenye duka. Usimfiche kitu."

Gozbert alikuwa anafunga mlango. Joviana alihema mbele yake na kusema yote kwa mkupuo mmoja: kwamba hawana kuku, kwamba alimdanganya, kwamba mdogo wake amekula. Gozbert hakumaliza kufunga. Aliingia ndani, akachukua chupa mbili za dawa, akampakia Joviana kwenye pikipiki yake.

"Ni hizi, za kupe," alimwambia nesi. "Zimefungwa, sikuona iliyomwagika. Lakini mimi siwezi kuapa."

Nesi alisoma maandishi ya chupa, akapiga simu kwa daktari wa wilaya, akasikiliza kwa muda mrefu. "Tutamwangalia kwa muda wa saa mbili," akasema.

Saa mbili hizo zilikuwa ndefu kuliko siku yoyote ambayo Joviana aliwahi kuishi. Mujuni alitapika mara moja, kisha akalala kimya kifuani kwa mama. Nesi alikuja kumpima mapigo ya moyo, akaondoka, akarudi tena.

Jua lilipokuwa linazama, Mujuni alifumbua macho, akavuta nguo ya mama na kulia kwa nguvu zote, akitaka kunyonya. Nesi Vestina alicheka kwa mara ya kwanza. "Mtoto anayedai chakula hivi hana sumu mwilini. Nendeni nyumbani, ila mnirudishie kesho nimwone."

Usiku huo Joviana alimweleza mama yote, hata kicheko cha darasani. Kesho yake, walipotoka kumwonyesha nesi Mujuni, mama alimwongoza Joviana hadi dukani kwa Bi Klaudia. Duka lilikuwa limejaa wateja. Mama alisimama mlangoni na Mujuni mgongoni, akamwachia Joviana kazi.

Joviana alivuta pumzi. "Shikamoo, Bi Klaudia. Naomba dagaa robo, wa kula. Na karanga, na maharage nusu kilo."

"Marahaba. Hawa hapa, waliokaushwa kwenye chanja, wasafi," Bi Klaudia alisema huku akipima. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake naye akaagiza dagaa.

Walipotoka nje, mama alisimama akamtazama binti yake machoni.

"Umeona aibu ya kununua dagaa ilivyo fupi? Imekwisha kabla hata chenji haijarudi. Chakula kizuri si kile ambacho wenzako wanakisifu, ni kile kinachomjenga mtoto huyu. Na siku nyingine ukikosea, niambie ukiwa bado mlangoni. Jana ungesubiri ndoo yako ijae, leo tungekuwa tunamlilia nani?"

Joviana alinyoosha mikono, akampokea Mujuni, akambeba mgongoni hadi nyumbani.