Mchanga wa Fundi Isidori

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zamzam alifagia ua wa bibi yake, Bi Mwanamkuu, na kila asubuhi alizoa udongo chini ya ukuta wa nyuma. Ukuta ule wa miti na udongo ulikuwa umevimba tumbo. Hata paka akipita juu yake, kipande kilianguka. Masika yalikuwa mlangoni, na Bi Mwanamkuu alikwisha sema wazi: mvua ikinyesha kabla ya kujenga upya, vyumba viwili vya nyuma vitalala chini.

Ilikuwa miaka ile soko jipya la mtaa wao, Kariakoo, likijengwa, na saruji mtaani ilikuwa haionekani. Bibi alingoja miezi mitano kupata mifuko sita, akaificha chini ya kitanda chake. Ikabaki kutafuta fundi tu. Akaja Fundi Isidori, mtu wa Masasi, mcheshi kwelikweli. Akapima ukuta kwa kamba, akaisifu chai, kisha akasema, "Bibi, nyumba ya Mama Klara kule Buguruni nimeijenga mimi. Nendeni mkaione."

Jumamosi Bibi akamwita mjukuu wake. "Mke mwenzangu, miguu yangu hainifikishi Buguruni. Nenda wewe. Tazama mbele, tazama nyuma, na umuulize mwenye nyumba. Fundi hajisemi vibaya."

Sasa Zamzam huyu, jamani, alikuwa mtoto wa kwa nini na kwa vipi. Hakufika mbali. Penye ujenzi wa soko alikuta nguzo za zege zimefunguka juu kama miavuli, akasimama. Mvua itapita wapi? Nani aliyepanda kule juu? Alimuuliza mlinzi maswali mpaka mzee wa watu akachoka. Aliposhtuka, jua lilikuwa limeshuka.

"Buguruni kesho haitahama," alijiambia. "Na fundi angetutuma kwenye nyumba mbaya?"

Alipofika nyumbani akasema, "Nimeiona, Bibi. Nzuri mno!"

Bibi akafurahi, akamwita fundi, wakapatana.

Jumatatu Zamzam alirudi kutoka shule akakuta ukuta umebomolewa na lundo la mchanga limejaa uani. Kesho yake asubuhi saruji ingechanganywa. Alitia mkono mchangani, akaibua simbi ndogo ya baharini. Simbi Kariakoo? Akachovya kidole, akalamba. Chumvi!

"Shikamoo, Fundi. Mbona mchanga huu una chumvi?"

"Marahaba. Wee binti, kwenu hamjapika leo?" Vibarua wakacheka. "Mchanga ni mchanga, mwanangu."

Lakini Zamzam hakucheka. Yeye peke yake alijua kwamba hakuna mtu wa nyumba ile aliyeiona kazi ya fundi. Akatoka mbio hadi Buguruni.

Nyumba ya Mama Klara kwa mbele ilipendeza, imepakwa rangi ya samawati. Zamzam akaomba kuzunguka nyuma. Lo! Lipu ilikuwa imebanduka, na matofali yametoa unga mweupe.

"Nimepiga lipu mara mbili," alisema Mama Klara. "Ni chumvi ya mchanga wa pwani, inakula ukuta kidogokidogo. Angekuja mtu kuniuliza, ningemwambia. Hajaja hata mmoja."

Zamzam alirudi akilia njia nzima. Alimkuta Bibi anaburuta mfuko wa kwanza wa saruji kutoka chini ya kitanda.

"Bibi, usiutoe! Nilikudanganya. Jumamosi sikufika Buguruni. Nimekwenda leo." Akaeleza yote, hata habari za mlinzi wa soko.

Bi Mwanamkuu aliketi juu ya mfuko.  Kisha Bibi akaagiza Fundi Isidori aitwe.

"Fundi, onja mchanga wako."

"Bibi, watu wengi wanautumia. Wa mtoni uko mbali..."

"Nimesema onja."

Fundi akalamba, akakunja uso. Hakuwa na mzaha tena. "Nimekosa, Bibi," alisema. "Nilifuata ulio karibu."

"Basi uondoe. Ukileta wa mtoni, utanijengea. Na ukimaliza hapa, nenda kwa Mama Klara ukatengeneze ulichoharibu."

Mchanga mpya ulikuja baada ya siku mbili. Bibi hakuruhusu koleo liguse saruji mpaka Zamzam alambe mchanga wa kila mkokoteni, mbele ya vibarua wote. Aliona haya, lakini alilamba. Haukuwa na chumvi hata chembe.

Masika yalipoanza, wawili hao walikaa chumba cha nyuma wakisikiliza mvua ikigonga bati. Zamzam alipapasa ukuta. Ulikuwa mkavu.

"Bibi, bado una hasira nami?"

"Nilikuwa nayo, tena nyingi," alisema Bi Mwanamkuu. "Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilituma macho yako, wewe ukaniletea mdomo. Kuuliza kwako kunanipendeza, uliza mpaka uchoke. Lakini usiseme umeona kitu ambacho hukukiona. Watu wanalala chini ya neno lako, mjukuu wangu."

Zamzam aliegemea ukuta, akaitikia, "Nimesikia, Bibi."