Utando wa Chini ya Godoro

Niliyaona yote kwa macho yangu haya mawili, na usiniulize nilisimama wapi. Wako wanaoisimulia habari hii kwa kubabaisha, wakiongeza jini hapa na paka mweusi pale. Hao hawakuwepo. Mimi ukuta wangu na wa nyumba ile ni mmoja, dirisha langu la uani linatazamana na lao, na sijawahi kuvaa miwani.

Jua lilikuwa linazama. Fundi Sikio, kama tulivyomwita, alipewa na mkewe kazi ndogo tu: kutoa godoro la marehemu mama mkwe kwenye chumba cha uani.

"Leo litoke," mkewe alisema huku akijifunga kitambaa kichwani. Alikuwa mpiga pasi kwenye nyumba ya wageni, zamu ya jioni. "Na usijifanye umesahau. Wewe na masikio yako mnadhani mko peke yenu humu ndani."

"Nenda, mke wangu. Ukirudi hulioni."

Mlangoni akageuka. Swali lile lile la kila siku tangu msiba.

"Siku ile mama hakuita, kweli?"

"Hakuita. Alilala kama mtoto mchanga, akapitiliza."

Uongo mtupu. Na ulikuwa uongo wa kulinda paa, maana nyumba ilikuwa ya yule mama, na mke ndiye mtoto wake wa pekee. Siku mke akijua, Sikio analala nje na mabati yake.

Mabati gani? Sikio alikuwa anaunda hedifoni. Si hizi za dukani zenye sumaku na koili, hizo alizicheka. Zake zilikuwa na utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, uliobanwa katikati ya sahani mbili za bati zenye matundu, na umeme mkali kutoka kwenye transfoma ya televisheni kuukuu ndio uliotikisa utando ule. Alijisifu kwamba ukizivaa unamsikia mwimbaji akimeza mate.

Jioni ya kifo cha mama mkwe, Sikio aliachiwa mgonjwa na bilauri ya maji. Bilauri akaiweka juu ya stuli, mbali na kitanda, mgonjwa asije akazimwagia maji waya zake zilizopita pale. Akakaa chumba cha pili, akavaa hedifoni. Mama mkwe akaita.

Akaongeza sauti.

Mama mkwe akaita tena. Matundu yale hayazuii kitu, Sikio alimsikia vizuri sana. Akaongeza tena. Wimbo ulipokwisha, nyumba ilikuwa kimya.

Basi sasa ananyanyua godoro. Chini yake kuna kitu kimekunjwa, chembamba, kinapitisha mwanga. Kinanuka dawa ya kuchua. Mtaa mzima ulikuwa ukinong'ona kwamba yule mama anajua mambo ya giza, na mtu mwenye akili zake angekitupa kitu kile shimoni na kunawa mikono.

Sikio alikipima unene.

Alikuwa na shida, mwenzangu. Cheche ilikuwa imeutoboa utando wake wa zamani, na nailoni zote alizojaribu zilikuwa nzito, sauti inatoka kama mtu aliyefunikwa blanketi. Hiki kilikuwa chembamba kuliko vyote alivyowahi kushika. Godoro akaliacha pale pale. Akakivuta kile kitu juu ya pete ya kubania utando, akakipaka unga wa penseli kwa pamba ili kipitishe umeme, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

Kilikuwa na joto.

Alipokigonga kwa kidole ili asikie kama kimekaza, hakikulia. Kilisinyaa... kama ngozi iliyoguswa na mkono wa baridi.

Akafunga sahani. Akawasha. Akavaa.

Hajapata kusikia muziki namna ile! Mwimbaji alikuwa amekaa kwenye bega lake. Kila uzi wa gitaa ulikuwa na mahali pake chumbani. Sikio akacheka peke yake, machozi yakimtoka.

Kisha, kati ya ubeti na ubeti...

Kwaru. Kwaru.

Akavua. Kimya. Akavaa.

Kwaru... kwaru... Kucha zinaparuza mbao. Kucha zinatafuta kitu ambacho hazikifikii.

"Baba..." Ndivyo mama mkwe alivyomwita enzi za uhai wake, kwa heshima. "Baba... maji yako mbali."

Unadhani alichoma utando ule? Hakuchoma. Sauti ilikuwa nzuri mno, na yeye alikuwa fundi kabla ya kuwa binadamu. Alijiambia kwamba ni volti chache tu, utando umelegea, unanasa kelele. Ataongeza volti.

Kesho yake, giza likianza kuingia, alifungua boksi la umeme la hedifoni, lenye ile transfoma, bila kulizima. Hedifoni zilikuwa mezani. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani, unageuza skrubu. Hakujua kwamba pasi za kule kazini ziligoma, na mkewe amerudi mapema.

"Godoro bado lipo," mkewe alisema nyuma yake. "Na haya mabati ndiyo yaliyokuzuia? Hebu na mimi nisikie hicho kinachokushinda kukiacha."

"Usivae!"

Alishavaa.

Sikio aliona uso wa mkewe ukibadilika. Kwanza mshangao. Kisha furaha, furaha kabisa, kama ya mtoto aliyefuatwa na mama yake shuleni.

"Mama?"

"Vua! Nakwambia vua!" Sikio akajigeuza, mkono ukateleza ndani ya boksi.

Umeme ulimtupa ukutani. Aliporudiwa na fahamu alikuwa chali, nusu ya mwili haimsikii, koo limekauka kama jivu. Taa nyekundu ya boksi ilikuwa bado inawaka. Mkewe alikaa kitini, hedifoni masikioni, macho ameyafumba, anaitikia kwa kichwa polepole. Ndiyo. Ndiyo, mama.

"Maji," Sikio alinong'ona. "Mke wangu... maji."

Mke akafumbua macho. Akamtazama.

"Sshh. Mama anaongea."

Waya wa hedifoni ulikuwa mrefu. Aliurefusha Sikio mwenyewe. Mke akasimama nao, akajaza bilauri kwenye mtungi. Akaleta stuli. Akaiweka chini karibu na mkono wa mumewe ule uliobaki mzima, akaweka bilauri juu yake.

Sikio akalia kwa shukrani.

Mke akainamisha kichwa, anasikiliza.

"Hapa, mama?"

Akaisogeza stuli nyuma kidogo.

"Hapa?... Mbali zaidi?"

Akaisogeza tena. Vidole vya Sikio vikajinyoosha, vikagusa mguu wa stuli, kucha zikaparuza mbao.

Kwaru.

"Haya," mke akasema kwa upole. "Hapo hapo."

Akarudi kitini, akafumba macho.

Sikio yu hai, msimzushie kifo. Yuko chumba cha uani, juu ya godoro lile lile, ambalo halikutoka. Mkewe anamhudumia vizuri, hata majirani wanamsifu. Ila jua likizama nasikia ukutani kwangu kwaru... kwaru... na sauti ya mwanamke, taratibu: "Sasa nimpe, mama?... Bado?"

Mimi si mtu wa kutia chumvi. Nimetia mahali pamoja tu, napo nakiri. Ile taa nyekundu. Haikuwa inawaka. Niliiwasha mimi humu kwenye maneno, ili wewe na mimi tupate usingizi.

Mke aliing'oa plagi mara tu mumewe alipoanguka. Niliiona sakafuni, mbali na ukuta. Na hedifoni zile, bila umeme, ni bati tupu, hazitoi hata neno moja.