Namba Kumi na Mbili Haijaitika

Jezi ya njano ilikuwa imelowa makwapani.

Fundi aliigusa, akanusa vidole vyake. Jasho. Jasho bichi la mtu aliyekimbia, si ukungu wala rangi mpya ya ukuta. Jezi hiyo aliishona mwenyewe wiki iliyopita, akaipiga pasi, akaileta hadi ukumbi wa michezo wa chuo na kuitundika pamoja na zile kumi na moja za bluu. Hakuna mwanadamu aliyewahi kuivaa. Akazigusa na za bluu, moja baada ya nyingine. Zilikuwa kavu kama karatasi.

"Paa linavuja," alisema mlinzi wa ukumbi alipoonyeshwa.

"Linavuja makwapani tu?"

"Dada, mimi nalinda mlango. Makwapa hayamo kwenye kazi yangu."

Jezi zilikuwa za kumbukumbu. Ulikuwa umekaribia kutimia mwaka tangu ndege ndogo iliyoibeba timu ya mpira wa wavu ya chuo iingie kwenye wingu la mvua na isitokee upande wa pili. Jezi za kweli ziliteketea na waliozivaa. Mkuu wa Michezo alipoingia chumba cha kushonea na kusema, "Nishonee seti, nataka ukuta upendeze," fundi alitoa kitambaa kilichobaki, akakata kama alivyokata kila mwaka: za bluu, na moja ya njano ya mlinzi wa nyuma, ambaye kwa sheria za mchezo huo huvaa rangi yake peke yake. Seti ni seti. Mkono uliozoea kazi hauulizi. Ya njano ilikuwa imeshatundikwa ndipo akakumbuka kwamba mwenye namba kumi na mbili hakufa.

Alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Timu ilimwita Kiroboto kwa jinsi alivyokuwa akiruka sakafuni kuokoa mipira. Siku ya safari kifundo chake cha mguu kilikuwa kimevimba kama boga. Kocha alimwacha awasindikize hadi uwanja wa ndege tu. Huko, kwenye chumba cha kusubiri, Kiroboto alimsikia rubani akiomba wangoje mpaka asubuhi, hali ya hewa itulie. Kocha akampigia simu Mkuu wa Michezo, ambaye alipaswa kusafiri nao ila alikuwa ametangulia kukaa na wageni wa heshima. Jibu lilisikiwa na kila mtu.

"Ndege ni basi lenye mabawa. Basi gani linaogopa mvua? Mgeni rasmi anasubiri. Pandeni!"

Wakapanda.

Kiroboto aliyarudia maneno hayo mbele ya tume ya uchunguzi. Mkuu alimshika bega mbele ya watu, akasema kijana amechanganyikiwa kwa majonzi. Mwenyekiti wa tume, mtu mnene mwenye sauti laini, akatikisa kichwa kwa huruma, akatangaza kwamba kilichotokea ni hali ya hewa na mapenzi ya Mungu. Tangu siku hiyo, kila alipompima Mkuu suruali, fundi aliziuma pini kwa meno asije akafungua mdomo.

Jioni ya siku ile ya jasho alikuwa nyumbani, katika nyumba ya wafanyakazi iliyo nyuma ya ukumbi, akipiga pasi mapazia. Kiroboto alikuwa amepitiwa na usingizi kitini. Jua lilikuwa linazama. Kwanza ilikuja harufu: dawa ya kuchua misuli, kali, inayowasha macho, na chini yake harufu ya mafuta, si ya taa wala ya gari. Kisha ukumbini, ambako alijua kumefungwa, raba zikalia sakafuni. Viganja vikapigana. Sauti ya kijana ikaita, "Moja!"

Fundi aliiweka pasi chini.

Ulikuwa mtindo wa timu. Kabla ya safari yoyote waliweka mikono juu ya mikono, kila mmoja akaitika namba yake, na gari halikuwashwa mpaka namba zitimie. "Mbili!" Alizijua sauti hizo. Tatu alikuwa na kikohozi kisichopona. Sita alikuwa akivuta maneno kama mtu anayenyonya pipi. Zilipanda moja moja, zikafika kumi na moja, zikanyamaza, na ukimya uliofuata haukuwa wa watu walioondoka bali wa watu waliosimama wakimtazama mtu mmoja, na katika ukimya huo fundi aligeuka akaona midomo ya mdogo wake inaachana polepole, macho yakiwa bado yamefumba, na ulimi wake unainuka kushika neno.

Alimzaba kofi.

"Dada! Umenipiga?"

"Ulikuwa unaota."

"Sikuota." Alinong'ona, kama mwenye kuogopa kusikika nje. "Wameshafunga mikanda, dada. Wananingoja mimi tu. Kumi na moja ananiambia, Kiroboto, unatuchelewesha."

Shati lake lilikuwa limelowa makwapani. Lilinuka mafuta yale yale.

Asubuhi fundi alikwenda kuitoa jezi ukutani. Jioni sauti hazikutoka ukumbini tena. Zilitoka chini ya dirisha la sebule. Aliwasikia wakijipanga, raba zao zikifyonza matope ilhali ardhi ilikuwa kavu, na mmoja akikohoa kile kikohozi. Akambana Kiroboto mdomo kwa kiganja, akambana hivyo toka moja hadi kumi na moja na katika ule ukimya wote, akihisi meno ya mdogo wake yakimng'ata si kwa hasira bali kwa sababu mdomo ule haukuwa tena wa mwenyewe, mpaka nje mtu akacheka kidogo, cheko la mchezaji anayejua mechi bado mbichi, na matope yakanyamaza. Kiganja kilikuwa kinavuja damu.

"Usiniache nikalala jioni," Kiroboto alisema.

"Sikuachi."

"Na siku ukichoka?"

Fundi alikifunga kiganja kwa kipande cha kitambaa.

Mtu aliyesifiwa kwa kutoa majini alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya soko. Fundi alimkuta ameinama juu ya redio iliyopasuliwa tumbo.

"Pita. Usikanyage waya huo, una makali kuliko jini lako."

"Umejuaje ni jini?"

"Hujabeba redio."

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha akasema, "Jini ni kama mawimbi, lipo hewani siku zote. Halisemi mpaka lipate chombo. Nyie mmelipatia uchungu wa vijana waliosukumwa kifoni, halafu mkachukua namba ya aliye hai mkaitundika na za wafu. Sasa linasema kwa vinywa vyao. Wanajihesabu, hawatimii. Nani wa kulaumiwa?"

"Nikiichoma jezi?"

"Umeiondoa ukutani, wakaja dirishani. Ukiichoma watakuja kitandani."

"Basi nifanye nini, kaka? Ninaye huyo mmoja tu."

Mtu yule alipuliza vumbi kwenye redio. "Njia iko moja. Kila jioni ukae nao. Umwage machozi kwa kila mmoja, umuage, umwambie alale. Lakini moyo uwe mweupe. Kinyongo ndicho kinachowalisha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kiishe. Chako kwanza."

Fundi alicheka bila sauti. "Na nyingine?"

"Nimesema iko moja."

"Umesema hivyo ukiangalia pembeni."

Bisibisi ilisimama. "Pengo linaweza kujazwa," alisema taratibu. "Mtu wa msafara ule ule, aliyepaswa kuwa nao, abebe ile namba mwilini, aitike mwenyewe bila kushikiwa kisu. Hapo watatimia. Ila dada yangu, huko si kutoa jini. Huko ni kulipikia."

Fundi alikuwa ameshasimama.

Kwenye chumba cha kushonea, koti la bluu la Mkuu lilikuwa linasubiri vifungo. Alikuwa ameliagiza kwa ajili ya siku ya kumbukumbu, la rangi ya timu, na alitaka limbane kiuno. Fundi aliifumua namba kumi na mbili kutoka jezi ya njano, uzi kwa uzi, bila kukichana kitambaa. Akaliweka koti juu ya meza, akafungua bitana upande wa mgongo, akaishonea namba ndani, kisha akaifunga bitana kwa mshono ambao hata jicho lake lilipata shida kuuona. Kazi nzima mkono wake haukutetemeka. Hilo ndilo lililomtisha kidogo.

Mkuu alikuja kulijaribu.

"Mbona linanielemea mgongoni?"

"Kitambaa kizito, Mkuu. Ukilivaa utazoea."

"Eeh, unajua kazi yako, mama." Alijigeuza mbele ya kioo. "Yule mdogo wako je? Akili imetulia?"

"Inatulia," alisema fundi, pini zikiwa mdomoni.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikuwa yule mwenyekiti wa tume, ameketi mbele, miguu imeachana, akijipepea. Wazazi wa marehemu walikuwa wamekaa safu za pembeni, jua la alasiri likiwapiga usoni. Wanafunzi walikuwa wamepanga kuigiza ule mtindo wa timu: wangeweka mikono juu ya mikono na kila mmoja angeita namba. Kiroboto alikataa kubaki nyumbani. Fundi alimkalisha karibu naye, akaushika mkono wake.

Mkuu alipanda jukwaani, jukwaa fupi lisilofika magotini, akaongea sana juu ya ushujaa. Kisha akawapa nafasi wanafunzi.

"Moja!" aliita msichana wa kwanza.

Harufu ikaja. Fundi aliona mama wa mchezaji namba tatu akiinua kichwa na kuvuta hewa, kama anayesikia mtu akiingia nyumbani. "Mbili!" Wanafunzi waliendelea, na nyuma ya kila sauti yao fundi alisikia nyingine, iliyotangulia kidogo, yenye maji kooni. Kikohozi. Neno linalonyonywa. Ilipoitwa kumi na moja, yule mwanafunzi aliyepangwa kuita ya mwisho akafungua mdomo, akaufunga, akautazama ukuta palipokosekana jezi, machozi yakamtoka, na ukumbi mzima ukaingia kwenye ule ukimya ambao fundi aliujua, ukimya wa watu waliosimama kando ya mlango ulio wazi wakishikilia nafasi ya mwenzao, na mkononi mwake mkono wa mdogo wake ukawa wa baridi, na kidevu chake kikaanza kushuka, na fundi akauweka tena mdomo ule chini ya kiganja chenye kidonda, akakandamiza, akamtazama Mkuu wa Michezo jukwaani kwa macho yasiyopepesa.

Mkuu aliangalia saa. Akamwangalia mgeni rasmi, aliyekuwa ameanza kupiga miayo. Akakunja uso, akasogelea kipaza sauti.

"Kumi na mbili!" alisema. "Haya, tuendelee, mgeni wetu anasubiri."

Kidevu cha Kiroboto kikatulia.

Jukwaani, Mkuu aliweka mkono mgongoni, kama aliyeguswa. Akatabasamu kwa kuchanganyikiwa. "Nani kafunga mlango?" aliuliza, na kipaza sauti kikalipeleka swali hilo kila kona ya ukumbi ambao milango yake yote ilikuwa wazi. Akaziba masikio. Akashika tumboni, akavutavuta kitu kisichoonekana kinachombana kiunoni. "Jamani, mvua hii," alisema. "Jamani, mwambieni ageuze. Mwambieni ageuze!" Nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji. Kisha akapaa, si sana, kiasi cha karatasi kupita chini ya viatu vyake, akaanguka kutoka jukwaa lile fupi na kishindo kikatikisa madirisha.

Walisema ni moyo. Lakini muuguzi wa chuo, aliyesaidia kumbeba, alimwambia fundi kwa kunong'ona kwamba mtu yule hakuwa na mfupa mzima. "Kama gunia la vigae, dada. Utafikiri ametupwa kutoka mawinguni."

"Pole yake," alisema fundi.

Jioni Kiroboto alikula sahani mbili, akalala kitini jua likizama, mdomo wazi, akikoroma kama mtu mzima. Hakuna raba. Hakuna namba. Fundi alikaa akimtazama na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka akamlilia kocha, akamlilia Tatu na kikohozi chake, akalia mpaka pua ikaziba. Alijisikia mwepesi. Alijisikia, Mungu amsamehe, ameshiba.

Kesho yake alifungua chumba cha kushonea mapema. Alikuwa anatia uzi kwenye cherehani aliposikia nyuma yake matope yakifyonza sakafu ya saruji. Hakugeuka. Harufu ya dawa ya kuchua ilijaa chumba, na pumzi nyingi, za vijana watiifu waliosimama mstari mmoja, mikono nyuma, kama walivyokuwa wakisimama mbele ya kocha.

"Shikamoo, dada," alisema yule anayenyonya maneno. "Amefika. Tumemkalisha dirishani."

Fundi aliendelea kutia uzi.

"Viti bado vipo, dada. Tunakusikiliza wewe. Nani mwingine?"

Angeweza kuwaaga. Machozi yalikuwa karibu, na neno la kuwaambia walale alilijua. Alifungua mdomo alitamke. Lakini mbele ya macho yake alimwona yule mwenyekiti wa tume akijipepea, akipiga miayo, kijana wa watu akiwa ameitwa mwendawazimu.

"Ngojeni kidogo," alisema, akaanza kupekua vitambaa chini ya meza. "Yule ni mnene. Hivi nilivyonavyo havimtoshi."